Harusi Yetu, Kamati Yao
Mimi na mchumba wangu tuliamua kufunga ndoa hapa Kigoma mbele ya watu wachache, kisha kula migebuka ya kuchoma na ugali wa muhogo kando ya Ziwa Tanganyika, bila ukumbi, bila mshehereshaji na bila kadi za mchango. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana siku 21 kabla ya ndoa na mashahidi wasiopungua wawili. Lakini baba mdogo anataka na kamati ya harusi yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ambao (nasikia) wameshachagua rangi ya vitambaa vya viti. Nikiuliza viti vya nini, ilhali tutakaa mikekani, najibiwa kwamba wamechangia harusi za watu miaka mingi na sasa ni zamu yao kuchangiwa, kana kwamba anayeoa ni kamati.