Homoni ya ukuaji si ya watoto tu
Nimesoma makala kuhusu pombe na homoni ya ukuaji. Mwandishi wake ameeleza vizuri jinsi pombe inavyoweza kudumaza vijana, ila watu wazima amewaacha pembeni, kana kwamba ukishafikia kimo chako homoni ya ukuaji inastaafu. Haistaafu. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na ukubwa wake kama punje ya njegere, huendelea kuitoa maisha yote, na sehemu kubwa hutoka katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Ni saa zilezile mnywaji amelala na pombe mwilini. Anakoroma, watu wanadhani kalala fofofo, kumbe homoni ya usiku huo imepungua sana.

Kilichonishangaza zaidi ni ini. Homoni hii kazi nyingi haifanyi yenyewe. Huliamuru ini litengeneze homoni nyingine iitwayo IGF-1, nayo ndiyo husaidia kujenga misuli na mifupa. Ini likishajaa makovu kwa miaka ya ulevi, amri inafika lakini haitekelezwi. Ndiyo maana mgonjwa wa sirosisi (ugonjwa huo wa makovu ya ini) anaweza kupimwa damu akakutwa na homoni ya ukuaji nyingi kuliko kawaida, huku IGF-1 iko chini kabisa.

Kaka yangu alikunywa miaka mingi. Tumbo mbele, lakini mikono ilikonda hadi saa ikawa inateleza kuelekea kiwikoni. Tulisema ni kwa sababu hali chakula (na kweli alikuwa hali, hilo nalo limo). Alipoacha, misuli ilirudi, ila taratibu mno.