Kwetu Asiyelia Huchapwa

Mjomba wangu wa Tanga hadi leo anawaambia wenzake msikitini kwamba mimi nipo Edinburgh nasomea ubalozi. Simlaumu. Siku nilipomweleza ukweli, kwamba nasoma mila na simulizi za Waskoti, na kwa upande wa pili nasoma Kinorwe na utamaduni wa Skandinavia, alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekata.

"Sasa Waskoti na hao Wanorwe wanahusiana nini?"

Nikampa kisa cha mahari, maana ndicho pekee kinachoeleweka kwetu. Mwaka 1468 mfalme Christian wa Kwanza, aliyetawala Denmark na Norwe, alikubali kumwoza binti yake Margaret kwa James wa Tatu wa Uskoti. Kwa desturi yao anayetoa mali ni baba wa bibi harusi. Akaahidi florini 60,000. Pesa hana. Akaweka rehani visiwa vya Orkney kwa 50,000, akasema hizo 10,000 zilizobaki atatoa taslimu. Akahangaika, akapata 2,000. Mwaka uliofuata akaongeza rehani visiwa vya Shetland kwa 8,000 zilizopungua, na hakurudi kukomboa hata mwamba mmoja.

"Yaani baba wa binti ndiye aliyetoa mahari," mjomba akasema polepole, "na akashindwa?"

"Ndiyo, mjomba."

"Soma, baba. Hao watu ni wa kuchunguzwa."

Basi nikawa nachunguza. Muhula wa kwanza tukapewa kazi: kila mmoja atafute mzee, amrekodi, aje acheze dakika chache darasani. Tulikuwa tumejaa hadithi za wakusanyaji wakubwa wa nyimbo na simulizi. Hamish Henderson alibisha hodi kwa mwimbaji Jeannie Robertson mjini Aberdeen mwaka 1953 akatoka na nyimbo ambazo watu wanazisikiliza mpaka leo. Mimi nilibisha hodi Newhaven, mtaa wa Edinburgh kando ya bahari, nikatoka na aibu pamoja na kopo la biskuti.

Mwenyeji wangu alikuwa bibi wa miaka 80 na ushee, mama yake alikuwa mchuuzi wa samaki. Wanawake wa Newhaven walikuwa maarufu: tenga la samaki mgongoni, ukanda wake umepita kwenye paji la uso, sketi za mistari tabaka juu ya tabaka, wanapanda nalo hadi mjini na kunadi mlango kwa mlango. Bibi alinionyesha picha ya mama yake. Shingo ile! Niliwakumbuka wauza dagaa wa kwetu, nikajiona nimefika nyumbani. Nikaweka kinasa sauti katikati ya birika na sahani ya biskuti (usiweke hapo, nusu ya rekodi yangu ni watu wanatafuna), nikawasha.

"Nikianza kumsema mama huenda nikasalimia, mwanangu," akasema. "Usinijali."

Mimi ndivyo nilivyosikia. Neno alilotumia lilikuwa "greet", na tangu shule ya msingi najua "greet" ni kusalimia. Sentensi ilikaa upande kidogo, lakini moyo uliruka kwa furaha. Miezi minne ndani ya mji huu, jirani yangu wa ngazi moja hajawahi kuniambia lolote isipokuwa habari za mvua. Leo nimempata mzee anayejua thamani ya salamu!

"Salimia tu, bibi," nikamwambia. "Salimia usichoke. Sisi kwetu tunasalimia tangu asubuhi."

Akanitazama. "Tangu asubuhi?"

"Kabla ya chai. Watoto wote tunamwendea mama, mmoja mmoja, tunamsalimia."

"Na mama yenu anafanyaje?"

"Anafurahi! Halafu tunatoka nje, tunawasalimia majirani. Hata mtu tusiyemjua akipita njiani, tunamsalimia."

Bibi akaweka kikombe chini. Akauliza kama mambo haya yameanza zamani. Nikamwambia tangu enzi za mababu, ni heshima, na harusini ndiyo usiseme, tunasalimia mpaka sauti zinakauka. Nikaona amevutiwa, basi nikaongeza chumvi ya kitaaluma: "Mtoto asiyesalimia huchapwa."

"Mimi ningedhani," akasema taratibu, "kuchapwa ndiko kunakotangulia."

Sikumwelewa, lakini tumefundishwa tusimkatize mzee. Nikatikisa kichwa kama mtu mwenye hekima. Baadaye alimsimulia mama yake, jinsi alivyorudi jioni mikono imekufa ganzi kwa baridi, na machozi yakamtoka. Nikampa tishu, nikasubiri. Alilia kidogo, salamu sikuisikia. Wakati wa kuaga alinikumbatia kwa nguvu nisizozitegemea kwa umri wake, akanipa kopo zima la biskuti na skafu ya marehemu mumewe. Ndani ya basi nikaandika kwenye daftari, kwa wino: "Salamu bado zina uzito mkubwa sana kwa wazee wa Newhaven."

Wiki iliyofuata darasani nilichagua kipande hichohicho. Nilikaa kitako, mikono kifuani, kama baba wa bwana harusi.

Wa kwanza kuanguka alikuwa msichana wa Fife. Alilaza kichwa juu ya meza, mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani ameguswa. Akafuata kijana wa Glasgow, kisha safu yote ya nyuma. Mwalimu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena.

"Niambie," akasema, "Kinorwe mmefika wapi?"

Swali la ajabu. Jana yake tulikuwa na jaribio la vitenzi na nilipata yote. Nikayamwaga bila kusita: "Gråte, gråter, gråt, har grått."

"Maana yake?"

"Kulia."

"Na ndugu yake wa Kiskoti ni nani?"

Ukutani chumbani kwangu nina karatasi niliyoichora mwenyewe kwa kalamu za rangi: upande huu Kiskoti, ule Kinorwe. Bairn na barn, mtoto. Kirk na kirke, kanisa. Flit na flytte, kuhama. Nafasi ya mstari wa nne ilikuwa wazi, inanisubiri. "Greet", kwa Kiskoti, ni kulia.

Na rekodi ilikuwa bado inacheza. Sasa nikaisikia kama walivyoisikia wao, na kama alivyoisikia yule bibi wa watu, sauti yangu mwenyewe imejaa fahari: Lia tu, bibi, lia usichoke. Kwetu watoto wote tunamwendea mama kabla ya chai, tunamlilia, naye anafurahi. Hata mgeni akipita njiani, tunamlilia. Harusini tunalia mpaka sauti zinakauka. Mtoto asiyelia huchapwa.

Krach! Biskuti.

Nilimpigia bibi simu jioni ileile kuomba radhi. Alicheka mpaka akakohoa, nikaogopa. Kisha akasema kuna tatizo dogo: kinamama wa kanisani kwake walishasikia habari za kwetu, wameguswa, na wamenifumia sweta. Nikamwambia basi nitalirudisha. Akasema halirudishwi, jina langu limeshatariziwa kwa mbele.

Kabla ya kulala simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa mwenzetu wa Denmark, tunayekaa naye darasa la mila: "Vi grinede hele vejen hjem." Kidenmaki na Kinorwe vinasomeka kama mtu na ndugu yake, kwa hiyo sikuhitaji kamusi. "Hele vejen hjem", njia nzima hadi nyumbani. Na "grine" nalijua, lilikuwa kwenye orodha ileile ya jaribio, jirani kabisa na gråte: kulia. Wamelia njia nzima! Kwa ajili yangu! Macho yakanilowa. Nikamjibu kwa Kinorwe safi, nikihakiki kila herufi: "Tafadhali msilie, mimi nimeshapoa. Karibuni chai Jumamosi, tulie pamoja mara ya mwisho kisha tusahau."

Kwa Kidenmaki "grine" ni kucheka. Nililijua hilo baada ya dakika tano hivi, kutoka kwenye kundi la darasa, ambako ujumbe wangu ulikuwa umeshabandikwa.