Pombe ya Nondo

Huku kwetu, pembeni mwa msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, ukinunua molasi, sukari guru na ndizi zilizoanza kuoza kwa siku moja, hakuna anayekuuliza unapika nini. Watu wanakuuliza bei.

Aliyeanza ni mwenye duka la dawa za mifugo. "Mwalimu, siku hizi una ng'ombe wangapi?" Nikamwambia sina hata mmoja. "Basi ni ya fahali wa kupigana?" Nikasema la, ni ya wadudu. Akanyamaza, akanitazama, akaniongezea molasi mpaka ikapita alama, kisha akaninong'oneza kwamba ikishaiva nisimsahau.

Ninyi wasomaji huenda mkanielewa kuliko yeye. Likizo ya Aprili, wenzangu wakishika majembe, mimi hulima kidogo kwa heshima ya majirani, halafu nashika darubini na daftari. Masika ndiyo sikukuu yangu. Kekeo anaanza zile sauti zake tatu zinazoshuka, watu wanasema mvua imeitwa. Mbayuwayu wanajipanga kwenye nyaya za stima wakijadili safari: ndege wa gramu 20 hivi, lakini anajiandaa kuvuka Sahara akajenge kiota chini ya paa la zizi la mtu Uingereza. Wenzangu wa kule mwezi huo wanaandika kwa furaha kwamba amefika. Mimi naandika kwamba ameondoka, na sijawahi kupata barua ya shukrani. Keremkerem wa Ulaya nao wanapita juu kabisa wakielekea kaskazini, unasikia mluzi wao laini kabla hujawaona. Hondohondo wa msituni wanaruka kwa kishindo cha mabawa utafikiri kuna mtu anakung'uta mkeka angani. Na turako mkubwa wa buluu, ambaye watu hukata tiketi kutoka ng'ambo kuja kumwona, alitua kwenye mkuyu wa jirani akala kuyu asubuhi nzima bila kuniuliza nimelipa nini.

Hao wote ni bure. Wenye maringo ni nondo. Nondo haji mpaka aalikwe.

Mwaliko wa kwanza ni taa na shuka jeupe. Shuka nilikuwa nalo. Taa pia, ila stima ya masika huku inawaka kwa huruma ya mawingu, na usiku ilipokubali kuwaka mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Wakaja kumbikumbi. Walilijaa lile shuka mpaka weupe wake ukapotea. Nikiwa bado natafuta nondo kati yao nikasikia miguu nyuma yangu: watoto wa kijiji kizima, kila mmoja na beseni. Nondo mmoja wa kijani, mzuri ajabu, nilimwona kwa macho yangu akikombwa pamoja na kumbikumbi. Asubuhi mama mmoja akapita kunishukuru, akasema wa jana walikuwa na utamu wa peke yake. Daftarini niliandika: nondo wa kijani, mmoja, amekaangwa.

Nikageukia mwaliko wa pili, yaani chambo. Wakusanyaji wa Ulaya wamekitumia tangu karne ya 19. Unachemsha molasi, sukari na bia, unaponda ndizi humo, unakiacha kichachuke, kisha magharibi unakipaka kwa brashi kwenye mashina ya miti, kimo cha kifua. Nondo wanafuata harufu gizani, wanatua, wanakunjua mrija wao na kunyonya mpaka wanapoteza haraka ya maisha, nawe unapita na tochi ukiwaandika mmoja mmoja. Si wote lakini. Kuna wale wakubwa wa jamii ya hariri ya mwitu ambao wakishatoka kwenye kifukofuko hawana mdomo wa kufanyia kazi. Hawali, hawanywi, wanaishi kwa mafuta waliyoweka wakiwa viwavi mpaka siku zao ziishe. Hao ni wa kanisa la mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni wa kanisa la Marafiki, yaani Quaker, wasiogusa pombe, wa kule Kaimosi, ambako Marafiki walifika 1902, na ukimsikiliza utaamini kwamba tangu mwaka huo ukoo wao haujaonja hata uji uliolala. Alitufikia Alhamisi bila taarifa. Wakati huo jerikeni la chambo lilikuwa jikoni nyuma ya kuni, limevimba mashavu.

Kwa mila za huku, mkwe na mama mkwe hawakabiliani ovyo. Salamu ni ya mbali, macho chini, na neno lolote la maana linapitia kwa mke wangu. Kwa hiyo saa tatu usiku kizibo cha jerikeni kiliporuka, kikapiga bati, na molasi ikapanda ukuta, sikuwa na ruhusa ya kwenda kujieleza. Nilikaa sebuleni nikisubiri. Harufu iliingia nyumba nzima, ikavua viatu, ikakaa.

Mke wangu akatoka chumbani.

"Mama anauliza hiyo pombe ni ya nani."

"Mwambie si pombe. Ni ya nondo."

Akaenda, akarudi.

"Mama anauliza huyo Nondo ni mtoto wa nani, na kwa nini pombe yake iwekwe kwa binti yake."

"Ni wadudu, mama watoto. Wale wanaoruka usiku kwenye taa. Nawapakia kwenye miti wanakunywa, halafu nawahesabu."

Safari hii alikawia. Nilisikia minong'ono, kisha kimya, kisha minong'ono.

"Mama anasema ulipokuja kuposa, hukusema."

Kesho yake jioni nilibeba sehemu ya kilichosalia kwenye kopo nikaenda kupaka mikaratusi iliyo kando ya njia ya kwenda senta. Niliipenda kwa sababu gome lake ni laini na chambo hakipotei kwenye nyufa. Kwamba ndiyo njia ambayo kila mwenye kiu hupita jioni akirudi nyumbani, hilo lilikuwa jambo la wapita njia, si la nondo. Nilipomaliza mti wa mwisho nikarudi wa kwanza na tochi yangu niliyoifunika karatasi nyekundu, maana mwanga mwekundu hauwashtui. Badala ya nondo nikaangaza kofia. Chini ya kofia palikuwa na mzee jirani yetu, pua yake kwenye gome.

"Mulembe, mzee."

"Mulembe, mwanangu." Hakugeuka. Alipitisha kidole, akalamba, akafumba macho kwa muda wa sala fupi. "Hii umeiharibu. Kimea kiko wapi?"

"Mzee, hii si ya kunywa."

"Nimeona. Isiyo na kimea hainyweki." Akaanza kunielekeza, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwanafunzi. Unga wa mahindi unaulowesha uchache, unaukaanga kwenye bati mpaka ubadilike rangi, unaurudisha majini, ndipo unatia kimea cha wimbi lililomea vizuri. "Na ni nani aliyekufundisha kupakia mti?"

Nikamweleza habari za nondo, tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo wadudu wanywe," akasema, "na mimi nimekaa." Akahamia mti wa pili, kwa kuhakikisha tu.

Hapo ndipo tochi nyingine zikajitokeza upande wa chini. Walikuwa liguru wetu, yaani mzee wa kijiji, pamoja na chifu na askari wawili. Sitaji mtu. Nasema tu kwamba katika boma letu jioni ile simu yenye salio ilikuwa moja, nayo haikuwa yangu wala ya mke wangu.

"Mwalimu," chifu akasema kwa masikitiko ya kweli, "hata wewe?"

"Chifu, hiki ni chambo cha nondo."

"Mtambo uko wapi?"

"Hakuna mtambo. Ni brashi."

Askari mmoja akaichukua brashi akainusa, akampa chifu akainusa, chifu akampa liguru. Liguru alikaa nayo kidogo zaidi ya inavyohitajika. Mzee naye alikuwa ameketi chini ya mti akijifuta kidole kwenye suruali, ushahidi wa kutosha kumfunga mtu miaka.

Nikaona nijitetee kwa sheria. Nikasema sheria ya vileo ya 2010 iliruhusu hata chang'aa yenyewe, ile pombe kali ya kienyeji, mradi itengenezwe kwa utaratibu, ifungwe kwenye chupa, na isiuzwe kwa mtu wa chini ya miaka 18. Na kwamba mimi siuzi, nagawa.

"Unagawia nani?"

"Nondo."

"Wana umri gani hao wateja wako?"

Mtu aliyezoea kuandika daftari hujibu anachokijua. "Hakuna aliyefikisha hata miezi miwili, Chifu."

Liguru alishika kichwa.

"Tuonyeshe," chifu akasema. Tukaenda, mimi mbele, nikiomba moyoni kwamba angalau mmoja awe ameitikia mwaliko. Mungu wa nondo yupo. Kwenye mkaratusi wa katikati walikuwa wametua watatu wa aina ya *Cyligramma latona*: kahawia iliyokolea, mstari wa rangi ya maziwa umekata mabawa kutoka upande hadi upande, na kwenye kila bawa la mbele jicho kubwa limechorwa likikutazama. Mirija yao ilikuwa imekunjuka ndani ya molasi. Chifu alisogeza uso, akabana pumzi.

"Wanakunywa kweli."

"Na hawasukumani," akasema liguru.

"Wanakunywa kwa kuwa hawajui kimea," mzee akasema kutoka gizani.

Kesi ingeishia hapo, tena kwa heshima. Lakini yule askari wa pili, kijana mwenye bidii, alikuwa ametumwa nyumbani kuchukua jerikeni, naye ndiye kwanza alikuwa anafika amelikumbatia, kizibo hakipo. Kuna nondo mmoja anaitwa *Acherontia atropos*. Linnaeus ndiye aliyemwandika, 1758, akampa jina la yule mungu wa Wagiriki anayekata uzi wa uhai. Mabawa yake yakikunjuliwa hufika hata sentimita 12, tumbo lina mistari ya manjano na meusi, na mgongoni, kati ya mabawa, ana alama iliyo sawasawa na fuvu la binadamu. Chakula chake ni wizi. Huingia mizinga ya nyuki usiku akiwa na harufu inayofanana na yao, akajinywea asali. Viwavi wake hula majani ya viazi. Nilikuwa nimemtafuta miaka.

Akaja kwenye mdomo wa jerikeni.

Kijana alidhani ni popo, akamshika kwa mkono. Sasa, nondo huyu akishikwa hupiga kelele. Husukuma hewa kupitia ule mrija wake mfupi mnene, nao unatoa mlio mkali wa panya aliyebanwa. Kijana akasikia kitu kinalia ndani ya ngumi yake. Akamulika. Fuvu likamtazama, likalia tena.

Alitupa vyote kwa pamoja: nondo, jerikeni, tochi. Yeye mwenyewe hatukumwona tena usiku ule. Kofia yake waliiokota wachuma majani chai asubuhi, mbali kidogo kuliko nilivyotarajia. Jerikeni lilibingirika mteremko mzima, likagonga ukuta wa banda letu la kuku, likamwaga kila lililokuwa nalo ndani.

Chifu alimulika mahali ushahidi ulipokuwa, akamulika njia aliyopita askari wake, akakohoa. "Mwalimu, nenda ukalale." Wakashuka. Liguru alikataa kutangulia. Mzee akasema yeye atabaki kidogo kulinda miti isije ikaguswa.

Nilikaa njiani nikaandika kwa mkono unaotetemeka kwa furaha: *Acherontia atropos*, mmoja, saa tatu usiku, mkononi mwa serikali.

Sikuwa nimekumbuka kuku.

Chambo kilichochacha kinapenya kwenye nyufa za banda, na kuku hawajui Marafiki wala Wakatoliki. Asubuhi mitetea miwili walikuwa wamelala ubavu juani wakitazama mawingu. Mmoja alikuwa anaatamia kandambili yangu. Jogoo mwekundu, yule tuliyekuwa tumemtenga kwa ajili ya mama mkwe, maana huku mgeni wa heshima bila kuku hajapokelewa, aliwika mara moja, akasikiliza, akawika tena kujijibu. Halafu akajaribu kupanda juu ya ndoo, akaikosa, akasimama mbele yake akiitukana. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni na Biblia yake mapajani. Alimfuatilia kwa macho kila hatua. Jogoo alimwendea moja kwa moja, akainama mbele ya miguu yake kwa adabu nisiyowahi kumwona nayo, akasinzia.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, mahali pa mkwe. Mke wangu akaja kunifuata, amejifunika mdomo kwa ncha ya leso.

"Maji yamechemka," nikamwambia. "Nimchinje?"

"Mama anasema leo asichinjwe."

"Kwa nini?"

"Anasema akimla leo, atakuwa amekunywa."

Mchana tukala ugali kwa mrenda.