Taruma Halichaguliwi kwa Kumwogopa Mwizi

Juma lililopita nilisikiliza kipindi cha redio kuhusu usafiri wa reli. Mgeni mmoja, aliyetambulishwa kwa sifa nyingi kuliko muda aliopewa kuzungumza, aliulizwa kwa nini anataka mataruma ya chuma, yaani vile vipande vinavyolazwa kukingama chini ya reli, yaliyobaki katika reli ya zamani yang'olewe yote na nafasi yake ichukuliwe na ya zege. Nilitarajia azungumzie uzito wa mabehewa, mwendo wa treni, joto au maji ya mafuriko. Badala yake alijibu kwamba zege halina mnunuzi kwenye chuma chakavu, kwa hiyo mwizi hatakuwa na sababu ya kuling'oa. Mtangazaji akacheka, msikilizaji aliyepiga simu akampongeza, na mazungumzo yakahamia kwenye nauli.

Mimi sikucheka. Mtu anayeibiwa kuku kila wiki, kisha akatangaza kwamba dawa ni kuacha kula nyama, hatuwezi kumwita mfugaji hodari. Hoja ya mgeni yule imekwisha kuzoeleka kiasi kwamba hutajwa vikaoni kana kwamba ni kanuni ya uhandisi, na ndiyo maana naona ni lazima ijibiwe.

Taruma lina kazi zake, na hakuna kati ya hizo inayomhusu mwizi. Hushikilia reli mbili zisiachane wala kukaribiana, hupokea uzito wa gurudumu na kuutawanya kwenye kokoto, na hukaa mahali pake hata jua la saa nane linapoitanua reli na kutaka kuipinda. Katika kazi hii ya mwisho, nakiri kwa shingo upande, zege halina mpinzani. Taruma moja la zege la reli ya kisasa huweza kufika kilo 300, na yakipangwa kwa nafasi ya sentimita 60, kilomita moja hula zaidi ya mataruma 1,600. Uzito huo ndio unaoituliza reli iliyounganishwa kwa kuchomelewa, isiyo na viungo vya kutoa ile milio ya "taka-taka" tuliyolala nayo utotoni. Zege halipitishi umeme ovyo kutoka reli moja hadi nyingine, jambo lenye maana kubwa pale ambapo mitambo ya ishara hutambua treni ilipo kwa kutumia umeme unaopita ndani ya reli zenyewe. Kwa hiyo treni ya umeme inayokwenda kilomita 160 kwa saa kati ya Dar es Salaam na Dodoma inastahili mataruma ya zege yaliyotengenezwa Soga, kama reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilivyostahili yale ya Emali. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo ilijengwa kwa zege kati ya 1970 na 1975, na mengi ya mataruma yake yamebeba shaba ya Zambia kwa miongo kadhaa. Katika hayo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni juu ya reli ya geji ya mita, yaani ile ya zamani ambayo upana kati ya reli zake mbili ni mita moja. Waingereza walipojenga njia kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria kati ya 1896 na 1901, na Wajerumani walipoanza yao kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, walitumia sana mataruma ya chuma, na sababu mojawapo ilikuwa mchwa. Ubao usiotiwa dawa katika ardhi yetu ni karamu. Taruma la chuma ni bamba lililokunjwa kama hori lililopinduliwa, na tumbo lake hujazwa kokoto ili ling'ang'anie chini. Ni jepesi, na mengi hupangwa moja juu ya jingine ndani ya behewa moja. Likipinda, fundi hulinyoosha. Likichakaa kabisa, huyeyushwa likawa chuma kingine. Lina kelele, huliwa na kutu hasa karibu na bahari, na kulishindilia kokoto tumboni ni kazi inayotaka genge lenye uzoefu na nyapara asiyependa mzaha. Hayo yote ni kweli, lakini hayatoshi kulihukumu kifo.

Mwenye shaka na atazame kipande cha Kilosa hadi Gulwe, ambako reli imebanana na mto na ambako karibu kila masika makali huja na habari za tuta kuzolewa. Mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 ziliharibu njia kule kiasi cha kusimamisha safari kwa muda mrefu. Mahali kama hapo, ambapo kreni haiwezi kufika kwa sababu njia ya kuifikisha ndiyo iliyozolewa, swali la kwanza la fundi ni kwamba kifaa hiki kitabebwa na nani. Taruma la chuma la geji ya mita hubebwa na watu wachache wakapita nalo kwenye matope. La zege, hata lile dogo la geji hii, huwataka watu wengi zaidi, kamba na bahati. Tena treni ikiacha njia na magurudumu yakatembea juu ya mataruma, lile la chuma hubonyea na huenda likanyooshwa, ilhali la zege hupasuka, na likishapasuka halina la kufanywa ila kutupwa kando ya tuta. Sijasikia mgeni yeyote wa redio akiyapigia hesabu hayo.

Wapo pia wanaodhani zege ni la milele kwa kuwa tu ni zege. Huko Marekani, katika njia ya Washington hadi Boston, mataruma mengi ya zege yalipasuka kabla ya umri wake na ikabidi yang'olewe. Saruji isiyofaa, kokoto lenye madini yanayogombana na saruji, au joto lililozidi wakati wa kuivisha zege kiwandani, lolote kati ya hayo huweza kuleta nyufa miaka kadhaa baada ya picha za uzinduzi.

Kuhusu mbao nitasema machache. Tajiri huyohuyo Marekani mpaka leo ameilaza sehemu kubwa kabisa ya reli zake juu ya mbao zilizolowekwa kriosoti, dawa ya kuzuia ubao usioze wala kuliwa na wadudu, kwa hiyo anayesema kwamba ubao ni ushamba na aende akawaambie wao. Sisi tunauhitaji bado kwenye madaraja na kwenye makutano ya njia, ambako taruma hukatwa kwa urefu tofauti na kutobolewa papo hapo. Lakini ubao una deni lake. Kule Mulobezi, magharibi mwa Zambia, reli ilijengwa kuufuata msitu wa mti mgumu uitwao mukusi, mti huo ukageuzwa mataruma ya reli za kusini mwa Afrika, na msitu ukapungua hadi mashine za kupasulia mbao zikakosa kazi. Kriosoti nayo ni sumu, na Umoja wa Ulaya umeibana, jambo ambalo wenye hoteli wanaopenda kupamba bustani kwa mataruma chakavu wangefanya vema kulijua. Mataruma ya plastiki na nyuzi za kioo ambayo Wajapani huyatumia kwenye madaraja yao ni mazuri, na bei yake inatosha kufunga mjadala.

Nirudi kwa mwizi, kwa kuwa yeye ndiye aliyepewa kiti cha mhandisi mkuu.

Taruma la chuma si sufuria. Hakuna familia iliyorithi taruma kwa babu, wala duka linalouza mataruma kwa rejareja. Katika nchi nzima wenye mali hiyo wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na umbo lake linajulikana hata kwa mtoto aliyekulia karibu na stesheni. Kijana anapolifikisha usiku kwenye mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu, akiwa amelifunga kwenye baiskeli au toroli, yule anayelipima anajua limetoka wapi, anajua ni la nani, na anajua kwa nini bei ni ndogo. Hata likikatwa vipande, bamba lile lenye matundu ya kufungia reli halifichiki machoni mwa mtu anayeishi kwa kununua chuma. Na bado, kila mara habari hizi zinapotangazwa, anayeoneshwa mbele ya kamera ni yule kijana mwenye kandambili, huku mwenye mizani akiendelea na chai yake na mwenye tanuru akiendelea kumimina nondo ambazo mimi na wewe tunajengea.

Kenya waliwahi kujaribu njia ya mkato. Januari 2022, baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa, Rais Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya chuma chakavu, na miezi michache baadaye ikafunguliwa tena kwa masharti. Nawaelewa waliolalamika, kwa maana maelfu ya watu wanaookota makopo walifungiwa riziki pamoja na wezi. Hata hivyo serikali ile angalau ilimwangalia mnunuzi. Sisi tunataka kulihamisha kosa lake hadi kwenye michoro ya reli.

Tena zege lenyewe halijamshinda mwizi. Reli iliyo juu yake ni chuma, na vibanio vinavyoishika reli ni chuma cha springi, vidogo, vyepesi, vinavyotoka kwa nyundo na kuingia mfukoni. Anayeng'oa vibanio kumi mfululizo kwenye kona ameleta hatari kubwa kuliko aliyeondoa taruma moja, kwa sababu pengo la taruma linaonekana kwa mbali, ilhali kibanio kilichokosekana humtaka mkaguzi anayetembea kwa miguu huku macho yake yakiwa chini. Reli inayopitiwa na treni kila siku huwa na wakaguzi hao. Ile iliyoachwa haina. Njia ya Tanga hadi Arusha ilikaa zaidi ya miaka 10 bila treni kabla ya kufufuliwa kuanzia 2019, na mtu yeyote anayejua vichaka vya njia iliyoachwa anajua nani hukaa humo.

Kwa hiyo kwenye geji ya mita napendekeza chuma kibaki pale ambapo tuta ni bovu na maji ni jeuri, zege liende kwenye vipande vilivyonyooka vyenye mizigo mizito, na ubao ubaki madarajani. Mwenye mizani naye adaiwe daftari linaloonyesha kila kipande cha chuma amekinunua kwa nani na lini, kibali chake kifutwe siku linapokutwa taruma uani kwake, na yeye ndiye awe wa kwanza kupelekwa mbele ya kamera.