Mizani ikigoma, usikimbilie kukaza mkanda

Wiki 11 mizani yangu ilikaa kwenye kilo 107. Haipandi, haishuki. Nilijipima asubuhi kabla ya chai, nikajipima usiku, nikaitoa chumbani nikaiweka koridoni nikidhani sakafu ndiyo imepinda. 107. Nilikuwa nimeanza na 128, siku nilipotoka Arusha nikavuka Namanga kwenda Nairobi kuwekwa mkanda tumboni, na miezi 9 ya kwanza mambo yalikwenda vizuri tu.

Kwa wasioujua: si lile puto la hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ambalo huwekwa ndani ya tumbo kwa muda kisha likatolewa. Wala si kukatwa tumbo, yaani kuondolewa sehemu ya tumbo la chakula. Mkanda ni pete ya silikoni inayofungwa kwa nje, sehemu ya juu ya tumbo la chakula, kupitia matundu madogo. Mrija mwembamba unaiunganisha na kidude kilichoshonewa chini ya ngozi. Daktari akitaka kukaza anachoma sindano hapo anaingiza maji ya chumvi, akitaka kulegeza anayavuta. Wa kwanza kuuweka kwa njia hiyo ya matundu, Ubelgiji mwaka 1993, alikuwa Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia. Nilipolijua hilo niliringa kidogo, kana kwamba ni mjomba wangu.

Hakuna kinachokatwa, ndiyo maana uzito unatoka polepole. Nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, tunaambiwa mapema kabisa, tunaitikia kwa kichwa, halafu tunakwenda kujilinganisha na waliokatwa. Mimi nilijilinganisha na wifi yangu. Yeye alikatwa tumbo India, na kila nikikutana naye gauni limebadilika. Nikasahau kupiga hesabu zangu: kilo 21 kwa miezi 9 ni zaidi kidogo ya nusu kilo kwa wiki. Nilikuwa mlemle nilimoambiwa.

Wiki ya 11 nikampigia daktari, nataka kukazwa. Akaniuliza, "Ukishakula, njaa inarudi baada ya muda gani?" Nikasema masaa manne hivi. "Basi mkanda unafanya kazi," akasema. Sikutaka kusikia. Nikapanda basi la alfajiri, nikambembeleza mpaka akaongeza mililita moja. Kosa ni langu, naliandika kama lilivyo.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na sendofu ya binamu yangu. Nilikata kipande cha chapati kisichozidi ukucha wa kidole gumba, nikatafuna, nikameza. Kikakwama. Mwenye mkanda anaijua hali hii: kifua kinabana katikati kama mtu amekukalia, mate yanajaa mdomoni, mazito yanayovutika, kumeza huwezi, kutema mbele za watu huwezi, na mama mkubwa kakuinamia anakuuliza pilau imekosa nini. Nilimalizia sherehe chooni.

Sasa hapa ndipo mkanda uliokazwa kupita kiasi unapokuponza. Chakula kigumu kikishindikana, mtu hakai na njaa, anahamia kwenye vinavyoteleza. Uji wa sukari, aiskrimu, juisi ya parachichi, mtindi wa kopo, chokoleti. Vyote hivyo vinapita kwenye mkanda kama hakuna mlango. Ugali na samaki vinakataa, aiskrimu inapita! Baada ya wiki 5 nilikuwa na kilo 109, kiungulia kila nikilala, na kikohozi cha usiku wa manane. Kikohozi hicho si cha kusubiri. Ukikiona, mpigie daktari. Nilirudi Nairobi ile mililita ikatolewa. Nauli mara mbili ili nirudi nilikokuwa. (Wanaotangaza bei ya mkanda wangeitaja na nauli.)

Msimamo wangu, kwa hiyo: mkanda hauyeyushi mafuta. Unakushibisha mapema, basi. Kama unashiba na njaa inachelewa, umeshamaliza kazi yake, na kilichobaki kukitafuta kiko kwenye sahani na kikombe. Mwili wa kilo 107 unahitaji chakula kidogo kuliko wa kilo 128, tena ukikonda unaanza kubana matumizi wenyewe. Kiasi kilichokuwa kinanipunguza mwezi wa 3 kilikuwa sasa kinanitosha kukaa palepale. Hapo uvivu hauhusiki.

Nikachukua daftari, wiki 2, kila kinachoingia mdomoni naandika. Sahani yangu ilikuwa safi. Mwizi alikuwa chai ya maziwa. Vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na sijawahi maishani kuihesabu chai kuwa chakula. Nani anaihesabu? Nikabaki na kikombe kimoja. Nikaanza kula maharage, mayai au samaki kwanza, wanga baadaye kama nafasi ipo, na nikaacha kushushia chakula kwa maji, maana maji yanakiharakisha kupita na shibe inaondoka nayo. Nikaanza pia kubeba vitu vizito, ili nisipoteze misuli pamoja na mafuta. Ilichukua wiki 3 mizani kusogea.

Simuuzii mtu mkanda. Madaktari wengi duniani wameuacha wakahamia kwenye kukata tumbo, na sababu wanazo: unaweza kuteleza, unaweza kula ukuta wa tumbo, na wengine huishia kutolewa. Ila mimi ninao, na ninaongea na wenye nao.

Leo nina kilo 98. Katikati hapo mizani iligoma tena wiki 6, na safari hii sikupanda basi. Jumapili mama mkubwa aliniuliza kama ile dawa imeisha nguvu. Nikamwambia, "Mama, haikuwa dawa." Akanimiminia chai. Nikaomba isiyo na sukari, akaniangalia kama nimemtukana.