Ibara ya 145 ina mlango, haina njia

Mahindi yakirudishwa mpakani Busia, au maziwa yetu ya Uganda yakizuiwa kuingia Kenya, haipiti wiki kabla mtu hajashika kipaza sauti na kusema: kama wanatuonea namna hii, tujitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hoja ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikalegeza kwa sharti la cheti kinachoonyesha kiwango kisichozidi sehemu 10 kwa bilioni. Hasira ya wakulima na wenye malori ilikuwa ya haki. Ninachokitilia shaka ni dawa.

Kujitoa kunaruhusiwa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unalimaliza jambo hilo kwa mistari michache katika Ibara ya 145. Bunge la nchi lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, sio theluthi mbili ya waliojitokeza siku hiyo. Bunge la 11 la Uganda lilikuwa na wabunge 529, kwa hiyo zingehitajika kura 353. Kisha nchi impe Katibu Mkuu notisi ya maandishi ya miezi 12. Katika miezi hiyo wajibu wote unaendelea, michango ikiwemo, na madeni ya muda mrefu yanabaki shingoni hata baada ya kuondoka. Nchi ikibadili nia kabla miezi haijaisha, inaweza kuifuta notisi yake.

Ibara inaishia hapo. Haisemi kwamba kutakuwa na mazungumzo, wala nani atazungumza na nani, wala bidhaa zilizoko njiani siku ya mwisho zitahesabiwa za wapi.

Waingereza, walipojitoa Umoja wa Ulaya, walipewa nafasi zaidi na bado wakakwama. Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya inatoa miaka miwili, inataka yawepo makubaliano ya kuondoka, na inaruhusu muda kuongezwa iwapo wanachama wote wataafiki. Tarehe 23 Juni 2016 asilimia 51.9 walipiga kura ya kuondoka, 48.1 ya kubaki. Lakini neno "kuondoka" lilibeba watu wasiopatana. Wako waliotaka kubaki kwenye soko la pamoja kama Norway, wako waliotaka mkataba wa kawaida wa biashara kama wa Kanada, na wako waliokuwa radhi kutoka mikono mitupu. Waziri Mkuu Theresa May akapeleka barua ya notisi tarehe 29 Machi 2017, saa ikaanza kuhesabu, na baraza lake la mawaziri lenyewe halijakubaliana linaelekea wapi. Hapo ndipo mkwamo ulipotengenezwa. Yaliyofuata ni hesabu tu.

Na hesabu ilikuwa mbaya. Juni 2017 May aliitisha uchaguzi akapoteza wingi wake, akabaki kutegemea wabunge 10 wa chama cha DUP cha Ireland Kaskazini. Mkataba aliourudisha Novemba 2018 ulikuwa na kurasa 585. Tarehe 15 Januari 2019 Bunge liliukataa kwa kura 432 dhidi ya 202. Machi 12 likaukataa tena, 391 kwa 242. Spika akachimbua kanuni ya tangu 1604 inayozuia hoja ileile kuletwa mara mbili katika kikao kimoja. Machi 29, siku ileile waliyopaswa kuwa wameshaondoka, ukaanguka mara ya tatu, 344 kwa 286.

Wabunge nao wakajaribu kutafuta njia yao wenyewe. Machi 27 walipigia kura mapendekezo manane, yote yakashindwa. Aprili 1 wakajaribu manne, yote yakashindwa. Tazama namna yalivyoshindwa. Pendekezo la kubaki kwenye umoja wa forodha, yaani kutoza ushuru mmoja na Ulaya kwa bidhaa za nje, lilipata 273 dhidi ya 276, kura tatu tu. La kurudi kwa wananchi kwa kura ya pili lilipata 280 za ndiyo, nyingi kuliko yote, ila likapata 292 za hapana. Kila pendekezo lilipigiwa ndiyo au hapana peke yake, halikupangwa la kwanza, la pili, la tatu. Mbunge aliyependelea kura ya pili hakuwa na sababu ya kuunga mkono umoja wa forodha, maana aliamini wenzake watachoka kabla yake. Kila kundi liliamini hivyo. Ukiendesha upigaji kura wa namna hiyo kwenye kikundi cha akiba cha watu thelathini, wiki nzima hamtakubaliana hata siku ya kugawana.

Kilichowakaba zaidi ni mpaka wa Ireland. Una urefu wa kilomita 500 hivi na vivuko zaidi ya 200, na amani iliyopatikana kwa makubaliano ya 1998 ilijengwa juu ya mpaka usio na vizuizi. May aliahidi mambo matatu kwa pamoja: Uingereza itoke kwenye umoja wa forodha, pasiwe na ukaguzi mpakani Ireland, na Ireland Kaskazini isitenganishwe na Uingereza nyingine. Mawili kati ya hayo yanawezekana. Matatu hayawezekani, kwa sababu nchi mbili zikitoza ushuru tofauti, ni lazima mahali fulani mtu asimamishe lori. Boris Johnson, aliyemrithi May, aliukata mkwamo kwa kuitupa ahadi ya tatu: ukaguzi ukahamia baharini, kati ya kisiwa na kisiwa. Aliweza kwa sababu uchaguzi wa tarehe 12 Desemba 2019 ulimpa wingi wa viti 80 na hakuwahitaji tena wale kumi. Uingereza ikatoka tarehe 31 Januari 2020.

Mtu wa Busia hahitaji kuelezwa habari hizo kwa ramani ya Ulaya. Mji ni mmoja, nchi mbili, na kati yake kuna njia za panya ambazo kila bodaboda anazijua. Leo mama anayevusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, anajaziwa cheti rahisi cha uasilia pale pale mpakani na halipi ushuru wa forodha. Kiondoe cheti hicho, halafu ujiulize ni nani ataendelea kupita getini.

Lori linaonyesha zaidi. Tangu 2014 tuna Himaya Moja ya Forodha. Kontena likishuka Mombasa, wakala wa forodha akiwa Kampala anaingiza tamko kwenye mfumo, kodi inalipwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA), na maafisa wa URA walioko Mombasa wanaliona kwenye skrini. Lori linafungwa sili ya kielektroniki na kuondoka. Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, wanathibitisha tu, hawaanzi upya. Ndiyo maana safari ya mzigo hadi Kampala, iliyokuwa ikitajwa kuchukua siku 18, ilishuka hadi kama siku 4. Uganda ikiwa nje, maafisa wale wanarudi nyumbani, na kontena lilelile linakuwa mzigo wa nchi ya kigeni unaopita ndani ya eneo la forodha la wengine. Linahitaji dhamana ya Kenya hadi mpakani, kisha tamko jipya upande wetu.

Wanaotisha watu kwamba Mombasa itafungwa wanakosea, na ni vizuri kusema hivyo. Haki ya nchi isiyo na bahari kupitisha mizigo imo katika Ibara ya 125 ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari, na Ushoroba wa Kaskazini, njia ya mizigo kutoka Mombasa kwenda nchi za bara, una mkataba wake ambao hautegemei Jumuiya. Kwa bidhaa zetu wenyewe, sisi na Kenya tuko pamoja COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, kwa hiyo njia hiyo ya akiba inafanya kazi Malaba na Busia lakini Mutukula, mpakani na Tanzania, haipo.

Jambo ambalo silisikii likisemwa ni sheria yenyewe. Uganda inatoza ushuru kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, yenye vifungu zaidi ya 250. Viwango vya 0, 10, 25 na 35 kwa mia vinatoka Arusha, makao makuu ya Jumuiya. Mwezi wa 12 ukiisha, afisa aliyeko Entebbe atamtoza mwagizaji kwa sheria ipi? Waingereza waliliona shimo hilo mapema, na mwaka 2018 wakapitisha sheria iliyobeba sheria za Ulaya na kuzifanya za kwao siku ya kutoka, ili maduka na bandari zisiamkie ombwe. Kwetu kazi hiyo ingeanza baada ya notisi, ndani ya miezi 12 ileile, kwenye Bunge lilelile.

Ibara yetu inawazidi Waingereza kwa mawili. Theluthi mbili inazuia nchi kuondoka kwa wingi mwembamba, na haki ya kufuta notisi imeandikwa waziwazi, ilhali wao walisubiri hadi Mahakama ya Ulaya iliposema hivyo tarehe 10 Desemba 2018. Lakini mkataba unasema "nchi" inaweza kufuta, hausemi nani ndani ya nchi. Je, Rais anaweza kuifuta peke yake notisi iliyozaliwa na kura 353? Au Bunge lipige kura tena, na kwa wingi upi? Na kwa kuwa hakuna kifungu cha kuongeza muda, serikali iliyokwama mwezi wa 11 itashawishika kufuta na kuandika notisi mpya kesho yake. Kesi ingefika mahakamani kabla ya wino kukauka.

Mali nayo. Jumuiya ya kwanza ilikufa 1977 bila mtu kuaga. Baada ya Amin kupindua serikali Januari 1971, Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na kikao cha juu cha marais watatu hakikufanyika tena. Ndege, mabehewa na akaunti za benki zikabaki kwa aliyekuwa amezishika. Mgawanyo ulitiwa saini Arusha Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya walikuwa bado wanaandamana Dar es Salaam katika miaka ya 2000. Mkataba wa sasa umeziba sehemu ya tundu hilo kwa ukali: anayeondoka hana dai juu ya mali ya Jumuiya.

Mali, Burkina Faso na Niger walitangaza tarehe 28 Januari 2024 kwamba wanatoka ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, papo hapo. Mkataba ulitaka mwaka mmoja, na mwaka ukaisha tarehe 29 Januari 2025. Siku hiyo ECOWAS ikawaomba wanachama wake waendelee kutambua pasipoti zenye nembo yake na kupokea bidhaa za nchi hizo kama zamani, hadi itakapotangazwa vingine. Mwaka mzima ulikuwa haujatosha kuandika mbadala.

Kuirekebisha Ibara ya 145 kunahitaji nchi zote nane ziridhie, kwa hiyo nisingesubiri. Bunge la Uganda linaweza kutunga sheria yake fupi. Iseme kwamba azimio la kujitoa halipokelewi mezani bila muswada kamili wa forodha na bila ratiba ya mizigo iliyoko njiani. Itamke pia nani anafuta notisi na kwa kura ngapi. Mwenye hoja aulizwe mapema, kabla ya hesabu ya 353 kuanza, kama anataka tuwe na Kenya chini ya COMESA au la, na Mutukula itatozwa nini. Kazi hiyo inaweza kumalizwa na wanasheria wachache wa forodha, sasa, wakati hakuna lori lililozuiwa.