Boom limepanda, pengo la ada liko palepale

Kila ikifika mwezi wa saba napata wageni wengi hapa shuleni. Ni vijana niliowafundisha, wamemaliza form six, wanakuja na bahasha zao za kaki, ndani kuna cheti cha kuzaliwa, picha za paspoti, kitambulisho cha mdhamini, wanataka tukae pamoja tujaze fomu ya mkopo wa chuo maana kule steshenari mjini anayewajazia ana foleni ya watu thelathini na akikosea herufi moja ya jina basi safari imeharibika. Nakaa nao mpaka giza linaingia. Mimi mwenyewe nimesoma kwa mkopo huuhuu na kwenye salary slip yangu mpaka leo kuna mstari wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na sina kinyongo kabisa maana najua hiyo hela inazunguka inaenda kumsomesha mdogo wangu mwingine, na bila mkopo mama yangu asingeweza kunifikisha chuo hata angeuza shamba lote.

Nayasema haya mwanzoni ili mjue siandiki kama mtu anayeichukia Bodi. Mazuri yapo na tuyaseme. Wazee wenzangu mnakumbuka mwaka 2016 sheria ilivyobadilishwa makato yakatoka asilimia 8 kwenda 15, na juu yake kulikuwa na ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kila mwaka, yaani mtu unakatwa mwaka mzima halafu ukiomba salio unakuta deni limepungua kidogo sana na wengine ndo limeongezeka kabisa. Rais Samia alivyotangaza kuifuta kule Mwanza Mei Mosi 2021 stafu rumu yetu ililipuka kwa vigelegele. Bajeti nayo imekua, kutoka bilioni 464 mwaka 2020/21 mpaka bilioni 787 mwaka 2024/25. Wa stashahada wameanza kukopeshwa 2023/24, jambo ambalo sisi walimu tulililia miaka. Na boom, ile hela ya chakula na malazi, ikatoka 8,500 kwa siku ikawa 10,000.

Sasa hapo kwenye boom ndo nataka tukae kidogo.

Kwa ambaye hajawahi kukopa, mkopo una mafungu. Kuna chakula na malazi ndo boom lenyewe, kuna vitabu na steshenari 200,000 kwa mwaka, kuna hela ya field, yaani mafunzo kwa vitendo, kuna mahitaji maalumu ya kitivo, halafu kuna ada. Kwenye ada ndo kuna kitu kinaitwa asilimia, wanapima uhitaji wako kwa yale uliyojaza kwenye fomu, huyu anapewa yote, huyu nusu, huyu kidogo tu. Mtoto akipigiwa simu na mwenzake "umepata?" anajibu "nimepata", nyumbani wanashangilia, shangazi anatuma hongera kwenye grupu la ukoo, hakuna anayeuliza umepata asilimia ngapi ya ada. Swali hilo linakuja kuulizwa wiki ya usajili.

Piga hesabu na mimi. Tufanye ada ni 1,500,000 kwa mwaka na mtoto kapewa asilimia 60. Limebaki pengo la 600,000. Boom la siku 60 kwa 10,000 ni shilingi ngapi? Ni 600,000. Kwa hiyo awamu nzima ya boom, ile ya kula na kulala, inaenda kuziba ada, na huyu mtoto miezi miwili anaishi kwa pasi ndefu, anakula mara moja saa kumi jioni wali maharage ili ashibe mpaka kesho, anabebana na mwenzake kwenye kitanda kimoja hosteli kwa sababu geto la kupanga haliwezi. Ile nyongeza ya 1,500 kwa siku tuliyoishangilia haijaingia tumboni kwake hata kidogo, imepita tu mkononi.

Na hapo nimemchukulia anayeweza kusubiri boom. Maana boom linasubiri usajili, wanaosaini kulipokea ni waliosajiliwa, na usajili unasubiri ulipe sehemu yako ya ada. Umeona mtego? Hela ambayo ingekusaidia kulipa pengo haitoki mpaka pengo liwe limelipwa. Mwenye baba mwenye duka atatoa 300,000 ya kuanzia wiki hiyohiyo, mtoto wa mama anayeuza mboga anaanza kuzunguka kwa ndugu, wiki inapita, mwezi unapita, wenzake wanafanya test, mwishowe anaahirisha mwaka. Kuna wengi sana tunaambiwa wameacha chuo kumbe hawakuacha, walikosa laki tatu mwezi wa kumi na moja.

Halafu kuna hili la shule binafsi, linaniuma kuliko yote. Ukisoma sekondari ya kulipia unaonekana kwenu kuna uwezo. Kuna mantiki, sikatai, lakini kijijini mtoto mwenye akili anaweza kusomeshwa na padri, na mjomba, na mzungu mmoja aliyepita na kanisa, na ufadhili ukaishia form six. Familia yake iko palepale kwenye nyumba ya udongo. Taratibu zinaruhusu kuambatisha uthibitisho kwamba ulifadhiliwa, hiyo ni haki kabisa, ila watoto wengi hawajui kama inatakiwa na hakuna mtu wa kuwaambia kabla dirisha la maombi halijafungwa. Wanajaza jina la shule, wanalipa ile 30,000 ya maombi, wanaondoka wana furaha. Ndugu walimu, kama unasoma hapa tafadhali waulize hilo swali, nani alikuwa anakulipia, na barua yake iko wapi.

Upande wa ruzuku, ile isiyorudishwa, tunayo Samia Skolashipu, ilianza 2022/23 na bilioni 3, wanaopewa ni waliofaulu juu kabisa masomo ya sayansi form six, na wanalipiwa kila kitu. Nimefurahi kwa ajili yao na taifa linahitaji wahandisi na madaktari. Lakini kigezo ni maksi. Kigezo kikiwa maksi peke yake, mtoto aliyesoma kwenye maabara ya uhakika na mwalimu wa fizikia kila kipindi anashindana na wa kwetu ambaye fizikia amefundishwa nusu muhula. Na aliyefaulu sana historia na kiswahili na anatoka kaya ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hayumo kabisa, japo umaskini wake ni uleule.

Mimi naona hivi. Kabla boom halijaongezwa tena, na najua wanafunzi wataniona msaliti kwa hili, fungu litakaloongezeka liende kwanza kwenye ada ya wasio na kitu. Mtoto ambaye kaya yake imo kwenye orodha ya TASAF, au amefiwa na wazazi wote wawili, au ana ulemavu, apewe asilimia 100 ya ada bila kupimwa upya, serikali taarifa hizo inazo tayari. Na lile pengo alilokuwa analipa mfukoni liwe ruzuku, asije akadaiwa. Wengine watasema hela haitoshi, wakipewa hao yote watakosa wengine. Inawezekana wachache wenye uwezo wa kati wakapungukiwa kidogo, na mimi naona ni sawa, kwa sababu mwenye uwezo wa kati akipungukiwa nyumbani watabana matumizi na asiye na kitu akipungukiwa anarudi kijijini. Na usajili uruhusiwe kwa yeyote ambaye boom lake limeshathibitishwa, alipe pengo boom likitoka. Hilo halihitaji hata shilingi moja ya nyongeza kwenye bajeti.

Mwaka juzi nilikuwa na binti mmoja, baba alishafariki, kila kitu kimekamilika isipokuwa cheti cha kifo, jina la baba liliandikwa tofauti na kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Alienda ofisi moja mara nne, nauli kila safari mama anakopa, anaambiwa njoo wiki ijayo, mpaka dirisha likafungwa. Akakaa nyumbani mwaka mzima anasuka watu nywele. Mwaka uliofuata tulianza naye mwezi wa nne, jina likarekebishwa, akaomba, akapata, na pengo lake la ada tulichangishana walimu pamoja na padri wa parokia, sasa hivi yuko chuo anasomea ualimu.

Mwaka huu wameshaanza kuja. Jana walikuwa sita, na wawili kati yao vyeti vina majina mawili tofauti.